Redio Inapokwaruza: Maneno Yetu kwa Wananchi wa Kisaki



Mvua ikinyesha Uluguru, mto Mgeta waweza kufurika huku bondeni jua likiwaka. Tangazo la tahadhari la Mamlaka ya Hali ya Hewa lisiposikika, hasara yake si ya burudani tu. Kwa hiyo tulizungumze jambo hili la redio kwa makini.

Kabla ya kununua redio nyingine, itazameni milima. Mawimbi ya FM, yaliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri karibu kwa kunyooka, kama mwanga wa tochi. Mtambo ukiwa upande wa pili wa mlima, ninyi mmo kivulini, na hakuna betri mpya itakayouondoa mlima huo. Hata hivyo, mawimbi mengine hugonga miteremko na kurudi. Urefu wa wimbi moja ni takriban meta 3. Ndiyo maana kuisogeza redio hatua moja tu huweza kubadili usikivu. Anayesikiliza kwa simu inayohitaji hedifoni za waya akumbuke kwamba waya huo ndio antena. Aunyooshe, asiukunje mfukoni.

Baadhi ya vijana wameanza kutumia kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, ambapo sehemu kubwa ya kazi ya redio hufanywa na programu. Hapo lawama haiuangukii mlima peke yake. Kituo cha FM huhitaji nafasi ya kilohezi 200 hivi. Programu ikiachwa kwenye mpangilio mwembamba wa simu za upepo, sauti hutoka imekatika na kukwaruza, ingawa mawimbi yanafika vizuri. Kosa jingine ni kupandisha ukuzaji hadi mwisho. Kipokezi huzidiwa, na kituo kimoja huonekana mahali pawili au patatu. Ushusheni kidogo kidogo mpaka vituo vya uongo vitoweke.

Kisha chomoeni antena. Kelele ikibaki vilevile, yaelekea inatoka kwenye kompyuta yenyewe au chaja yake. Chomoeni chaja, tumieni betri, na kipokezi kikae mbali kwa waya wa kurefushia. Kituo kikionekana kimesogea kilohezi chache kutoka mahali pake, kisiwasumbue; kwa FM ya matangazo hiyo ni tofauti ndogo.

Vifaa vingine vya aina hii vinaweza pia kurusha mawimbi. Kurusha bila leseni ni kosa kisheria, hata kama ni mzaha wa dakika moja.

Iwapo kituo kilichokuwa kikisikika kimepotea kwa nyumba nyingi, andikeni siku, saa, masafa na mahali. Wapelekeeni kwanza wenye kituo. Wasipowajibu, tuleteeni sisi maandishi hayohayo.