Matumizi ya Nyumbani na Ulipaji wa Madeni



Mkopo wa simu wa M-Shwari, ulioanza Novemba 2012, ulitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu akopaye shilingi 10,000, akazilipa na kuzikopa tena kila mwezi, mwaka ukiisha ametoa ada ya shilingi 9,000, na deni lake li pale pale. Basi deni la namna hii na lilipwe kwanza. Nyama ya kila jioni na nauli ya safari zisizo na haja zaweza kupunguzwa. Karo ya watoto isiguswe. Wala mume asimfiche mkewe daftari la madeni, kwani mke ndiye ashikaye mfuko wa jikoni, naye asipojua kiasi kinachodaiwa, atapunguza nini? Michango ya arusi, wazee mtaniwia radhi, yaweza kungoja.