Rimoti na Mita ya Nguzoni

Leo tuzungumze juu ya mita ya LUKU. Nyumba nyingine mita yake haipo ukutani, imefungwa juu ya nguzo. Mwenye nyumba anacho kidude chenye vitufe, ambacho watu hukiita rimoti. Hukichomeka katika soketi, akaingiza tarakimu 20 alizonunua. Je, habari hufikaje nguzoni?

Rimoti nyingine hutumia redio ndogo. Nyingine hupeleka habari kwa waya ule ule uletao umeme. Umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde. Juu yake rimoti hutia mtikisiko mdogo sana lakini wa haraka, maelfu ya mara kwa sekunde. Mita huuchuja huo wa haraka na kuusoma, kama sikio lisikiavyo zumari katikati ya ngoma.

Basi chaja mbovu huweza kujaza waya makelele, mita isisikie. Rimoti isipopata jibu, chomoeni vyombo vingine, mjaribu soketi nyingine. Msikimbilie kununua tena! Tarakimu ambazo mita haijazipokea bado ni nzima, ila ni za mita hiyo tu, jirani hazimfai.

Na umeme ukiisha kabisa? Mita hukata, soketi hulala, na rimoti hutegemea betri zake. Betri zikiwa zimekufa, utakaa gizani na tarakimu zako mkononi. Wekeni betri za akiba.

Sasa fungueni madaftari, mwandike: waya, nguzo, soketi, betri.