Sakafu ya Mbao Iliyoingia Maji

Leo tutazungumza juu ya sakafu ya mbao. Labda nyumbani kwako mna sakafu ya mninga au ya mvule. Masika yamekwisha, nawe waona kila ubao umeinua kingo zake mbili, na katikati umebonyea kama mtumbwi. Fundi seremala amekuja na randa yake. Mwambie angoje.

Sababu ni hii. Ubao ukinywa maji hutanuka kwa upana. Kwa urefu hauongezeki ila kidogo sana. Maji yakitoka chini, upande wa chini hutanuka kuliko wa juu, ndipo kingo huinuka. Fundi akizipiga randa leo, sakafu itakuwa sawa kwa muda. Baadaye upande wa chini utakauka na kunywea, kingo zitashuka, na katikati patabaki kinundu. Atapiga randa tena, na ubao mnene utakuwa mwembamba. Nao mninga ni ghali!

Basi kwanza tafuta maji yanakotoka. Tazama bomba. Tazama matundu ya hewa kwenye msingi wa nyumba. Watu wengi huyaziba kwa matambara ili panya wasiingie. Ondoa matambara, weka wavu wa waya. Na sakafu ya mbao haioshwi kwa ndoo ya maji. Hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Kisha chomeka ncha ya msumari katika mbao. Ikiingia kwa urahisi, ubao umeoza, ubadilishwe. Mbao nzima ziache zikauke polepole, madirisha wazi. Usilete jiko la makaa: mbao zitapasuka, na hewa yake huua watu waliofunga milango.

Utajuaje kwamba zimekauka? Wewe sasa wajua kuandika tarakimu. Ng'oa ubao mmoja mfupi, upime kwenye mizani ya dukani, andika tarehe na uzito katika daftari. Urudishe mahali pake bila misumari, upime tena kila Jumamosi. Uzito ukiwa ule ule mara tatu mfululizo, mwite fundi.

Hesabu ya wiki hii: Jumamosi ya kwanza gramu 3,400, ya pili 3,200, ya tatu 3,100, ya nne 3,100. Je, fundi aitwe, au angoje? Andika jibu lako na sababu yake.