DENI LETU KWA SAIDA KAROLI



Sisi watu wa Bukoba tuna deni. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa hapa kwetu, alitoa "Maria Salome" kwa Kihaya. Msukuma aliucheza wimbo ule, Mmakonde aliucheza, wala hawakutafuta mkalimani. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutengeneza upya, nao vijana wakaupokea.

Basi nani atasema kwamba kuimba kwa lugha ya nyumbani ni ukabila? Saida ametuonyesha kuwa mali ya kijiji yaweza kuwa mali ya taifa.

Lakini makofi hayajazi chungu. Tununue kazi yake kwa haki, tumwalike katika sherehe zetu, tumlipe. Chanda chema huvikwa pete, na pete huvikwa chanda kilicho hai.