JINA LA MTOTO HUYU NI NANI?
(Maneno ya mkatekista kwa wazazi na wasimamizi wa ubatizo, siku za Jubile)



Nimeombwa kusema juu ya majina. Wengine wataona ni jambo dogo mbele ya Jubile. Lakini kumbukeni ibada ya kubatiza watoto wachanga: kabla ya maji na mafuta, hata kabla ya alama ya msalaba kwenye paji la uso, padri anawauliza wazazi mlangoni jina walilompa mtoto. Eklezya inatanguliza swali, kwa maana mtoto anafika kanisani na jina lake, na wenye kulijua ni baba na mama.

Tazameni basi majina wanayoleta. Kwa Wanande jina linahesabu: wa kwanza wa kiume ni Paluku ao Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Mtu akitaja jina, umekwisha kujua ana kaka wangapi mbele yake. Kwa Washi jina ni kama sala fupi: Mugisho ni baraka, Murhula ni amani, Nsimire ni shukrani ya mzazi aliyeridhika. Kwa wenye kusema Kinyarwanda, Mungu mwenyewe amo ndani ya jina: Habimana, yaani Mungu yuko, Hakizimana, yaani mwenye kuponya ni Mungu. Waluba wa Kasai wanawaita mapasa Mbuyi na Kabanga, na tangu siku ile wazazi nao wanapata jina jipya: baba ni Shambuyi, mama ni Mwambuyi. Na mtoto aliyezaliwa kamba ya kitovu imemzunguka shingoni ni Mujinga. Hapa nawaomba vijana waache kucheka. Kiswahili kina mjinga wake na Kiluba kina Mujinga wake. Hawa wawili hawana ujamaa wowote.

Na ndugu zetu wa Maniema wenye kuitwa Amisi, Juma, Shabani, Ramazani? Hayo ni majina ya siku na ya miezi, yaliyofika pamoja na Waungwana zamani za Tippu Tip: Amisi ni wa Alhamisi, Juma ni wa Ijumaa. Leo wanayachukua wakristu wengi ambao hawajaingia msikitini hata mara moja.

Nayasema hayo kwa sababu moja. Tangu vita vya mwaka 1993 katika Masisi, hapa Kivu jina limegeuzwa kuwa kipimo cha mtu kwenye bariere. Mtu anaombwa kartasi, wanasoma jina, na kwa jina hilo wanakata neno kama atapita ao hatapita. Aliyesoma Habimana hakusikia kwamba Mungu yuko; alisikia kabila, basi. Lakini katika kitabu chetu cha ubatizo Habimana, Kambale, Murhula na Amisi wanafuatana kwa namba, ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa padri mmoja. Ningependa kila mzazi aliye hapa ajue maana ya jina la jirani yake kabla hajajua kabila lake.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa majina mawili. Wazee wengi walielewa kwamba jina la babu ni la kipagani, na la mtakatifu ndilo la mkristu. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1917 haikusema hivyo. Kanoni 761 ilimwagiza paroko ahangaikie jina la kikristu. Akishindwa, aongeze jina la mtakatifu kwa lile la wazazi, na yote mawili ayaandike kitabuni. Kisha Leta ikavuta upande mwingine. Mwaka 1972 Mobutu aliacha Joseph-Désiré, akaagiza raia wote wafanye vivyo hivyo. Mapadri wakatishwa kifungo, naye Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikatia muhuri. Ni kwa mwaka 1990 tu kamba hiyo ililegea. Mimi naona kosa lilikuwa lile lile: huku walitaka tumsahau babu, kule tumsahau mtakatifu, na mzazi hakuulizwa neno. Leo kanoni 855 ya mwaka 1983 inadai tu kwamba jina lisiwe geni kwa fikra za kikristu. Kwa hiyo Murhula peke yake linatosha kubatiziwa.

Tena majina ya watakatifu yametoka wapi? Ludoviko lilikuwa jina la Wafranki wapagani, maana yake aliyesifika vitani. Mfalme mmoja mwenye haki akalitakasa. Mtakatifu Paulo hakumtupa Saulo njiani Damasko. Matendo ya Mitume yanamtaja kwa majina yote mawili, la Kiyahudi na la Kiroma. Kizito ni jina la Buganda, na siku hizi tunalibatizia watoto. Bakhita alipewa jina hilo na waliomteka utumwani, maana yake mwenye bahati. Jina alilopewa na mama yake lilimtoka kwa hofu, hakulipata tena. Hao akina Bahati wetu ni wajina wake, neno ni moja.

Na Mwenye Heri Anuarite, binti wa Wamba? Wazazi walimwita Nengapeta, yaani mali ni udanganyifu. Sista aliyemwandika shuleni akamtia jina la dada yake, Anuarite, mwenye kucheka vita. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na jina lile la kosa la kalamu ndilo Papa Yohane Paulo II alilolitangaza Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Baba yake, kumbukeni, aliitwa Amisi. Naye Floribert wa Goma, aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa, ametangazwa Mwenye Heri mwaka 2025 na jina lake zima: Bwana Chui bin Kositi.

Linalonihangaisha ni jingine. Mama anafiwa, kisha anazaa, anamwita mtoto Mateso, ao Masumbuko, ao Machozi. Simlaumu. Lakini mtoto atalibeba jina hilo miaka yote ya kilio ambacho hakukiona. Msimamizi aende kwa mama huyo mapema, wazungumze polepole, pengine atakubali Faraja. Kuhusu majina ya wachezaji wa mpira na ya filamu, nikimwuliza baba maana yake akanyamaza, ninamrudisha nyumbani akaongee na bibi ya mtoto.

Watakaobatizisha mwezi ujao walete jina limeandikwa kwenye kartasi, herufi kwa herufi, kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa. Cheti hicho ni cha Leta, chetu cha ubatizo hakishiki nafasi yake. Tangu sheria ya mwaka 2016 mna siku 90 za kumwandikisha mtoto. Andikeni h ya Murhula. Ofisini, Murhula na Murula ni watu wawili, na atakayehangaika nazo ni kijana wenu siku ya kuomba diploma.