Saa za Jioni: Ufadhili wa Masomo na Wanawake katika Sayansi ya Kompyuta



Nimeombwa nizungumzie ufadhili wa wasichana wanaosoma sayansi ya kompyuta, nami nitaanza na kitu ambacho barua nyingi za ufadhili hazikitaji: muda. Kuandika programu hakujifunzwi kwa kusikiliza. Mhadhiri anaweza kueleza hoja kwa dakika kumi, lakini mwanafunzi ataielewa baada ya kuandika, kuona makosa kwenye skrini, kufuta na kuandika upya. Saa za kazi hiyo hazimo kwenye ratiba. Hupatikana jioni, usiku na Jumamosi.

Mtazameni sasa msichana aliyepanga chumba mbali na chuo kwa sababu hosteli zimejaa. Saa kumi na mbili jioni inabidi awe kituoni kugombea daladala, maana giza likishaingia njia ya kwake si salama. Ni wakati huohuo wenzake wa kiume wanavuta viti kuanza kazi ya kikundi. Chumbani hana kompyuta mpakato. Ana simu, na bando la kubana. Mwisho wa muhula anapata sapu ya somo la programu, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema kwamba kompyuta si fani yake. Wapo watakaomkubalia. Mimi simkubalii hata kidogo, na sababu zangu si za huruma.

Nchini Marekani, katikati ya miaka ya 1980, wanawake walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wahitimu wa shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Kufikia mwaka 2010 walikuwa chini ya asilimia 20. Uwezo wa kufikiri wa jinsia nzima haushuki kwa nusu ndani ya miaka 25. Watafiti Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kukuta kwamba wavulana wengi walifika wakiwa wamekwishachezea kompyuta nyumbani kwa miaka, na mara nyingi mashine ya familia ilikaa chumbani kwa mtoto wa kiume. Wasichana waliliona pengo hilo la uzoefu wakadhani ni pengo la akili. Chuo kilipoacha kuwapendelea waombaji wenye uzoefu wa awali na kufungua madarasa ya kuanzia ya viwango tofauti, wasichana walioingia mwaka wa kwanza walipanda kutoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi asilimia 42 mwaka 2000. Huko pengo lilitoka nyumbani. Kwetu linatoka pia kwenye shule za kata zisizo na maabara ya kompyuta, na mtoto anaweza kuhitimu kidato cha sita bila kuwahi kugusa kibodi.

Ndiyo maana napenda kuwakumbusha wanafunzi wangu habari za mwanasayansi wa kompyuta Anita Borg. Alijifunza mwenyewe kuandika programu akiwa mfanyakazi wa kampuni ndogo ya bima, kisha akapata shahada ya uzamivu mwaka 1981. Mwaka 1994, yeye na mwenzake Telle Whitney waliandaa mkutano wa kwanza wa wanawake wa kompyuta uliopewa jina la Grace Hopper. Alifariki mwaka 2003, na mwaka uliofuata Google ikaanzisha ufadhili wa masomo kwa jina lake, ambao baadaye ulifika Ulaya na Afrika. Pamoja na kupewa fedha, wapokeaji walikutanishwa, wakajuana. Chuo cha Harvey Mudd huko California kilifuata mantiki hiyo: kiliwalipia wasichana wa mwaka wa kwanza safari ya mkutano ule wa Grace Hopper, kikawapa nafasi za utafiti mapema, kikapanga upya somo la utangulizi. Katika miaka michache wanawake wa idara ya kompyuta walitoka takribani asilimia 10 wakafika karibu 40. Msichana aliyekuwa peke yake darasani alikaa ukumbini na maelfu ya wanawake wa fani yake. Nauli ile ilifanya kazi ambayo ada peke yake isingeweza.

Karibu nasi, Uganda, kuna Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1990 chuo hicho kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili, na idadi yao ikakua. Lakini walionufaika zaidi walikuwa wale wa shule nzuri za mijini, na wengi waliingia masomo ya sanaa. Pointi hazilipi ada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, ndipo ukaja mpango wa kuwafadhili wasichana wa familia maskini, nafasi nyingi zikielekezwa kwenye sayansi. Nairobi nako, shirika la AkiraChix, lililoanzishwa mwaka 2010, huwapokea wasichana wasio na uwezo kwa mwaka mzima, wakaishi pamoja na kusoma bila kulipa. Makazi yale ndiyo yanayonivutia. Huko hakuna anayeondoka saa kumi na mbili.

Hapa Tanzania tuna Bodi ya Mikopo, na bila bodi hiyo wengi wenu msingekuwa ukumbini leo. Lakini mkopo ni deni. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi amalize, na binti anayepewa nafasi ya shahada ya uzamili hupiga hesabu hiyo kabla ya kuikubali. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, hairejeshwi, na hilo ni jambo kubwa. Naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo huwachukua waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa kidato cha sita, kwa hiyo yule binti wa shule isiyo na mwalimu wa fizikia bado yuko nje ya mlango, ingawa pengine ndiye aliyekimbia mbali zaidi.

Niseme pia neno kuhusu nyumbani. Fedha ya familia ikitosha mtoto mmoja, mara nyingi mjadala huisha kabla msichana hajaulizwa. Barua ya ufadhili hubadilisha mjadala huo. Baba anaisoma, anaona kwamba watu wasiomjua binti yake wamemtathmini na kumwona anaweza, na habari za posa zinasubiri. Nimewaona wazazi wakizikunja barua hizo na kuziweka pamoja na hati ya kiwanja.

Kwa wafadhili, basi, naomba ada iambatane na kompyuta mpakato, bando na kitanda cha hosteli, na bumu liingie kabla ya wiki ya kwanza, kwani anayesubiri hadi wiki ya sita ameshaachwa na somo. Wachukueni wasichana kumi wa darasa moja badala ya mmoja mmoja wa vyuo kumi. Kwa uongozi wa chuo chetu, ombi langu halihitaji mfadhili: vyumba vya ndani ya kampasi vitengwe kwa wasichana wa mwaka wa kwanza wa kompyuta, na maabara ibaki wazi hadi saa nne usiku, kuanzia muhula ujao.