Ada za ardhi na madarasa ya chekechea



Kila Mswada wa Fedha unapoletwa kwa wananchi, swali huwa lile lile: kwa nini mwenye ploti alipe ada za ardhi kwa ajili ya shule, ilhali shule ni za Serikali Kuu? Ni swali halali.

Shule za msingi na za sekondari kweli ziko chini ya Serikali Kuu. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti jukumu la chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Kifungu cha 209 nacho kikaipa kaunti uwezo wa kutoza ada za ardhi. Mgao wa Serikali Kuu ukichelewa, mapato yanayokusanywa papa hapa ndiyo ya kutegemewa.

Hata hivyo, ukweli usemwe wote. Shilingi ya ada haiendi moja kwa moja darasani. Kwa mujibu wa Kifungu cha 207, huingia kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, pamoja na mgao wa Serikali Kuu, leseni za biashara na ushuru wa soko. Bajeti ndiyo huamua kama itajenga darasa, itachimba kisima au itatengeneza barabara. Kwa hivyo mkazi anayelipa ada na kukosa kikao cha bajeti amefanya nusu ya kazi.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mswada wa Fedha hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi. Maoni hupokelewa kabla ya hapo, kwa mdomo au kwa maandishi. Anayeona ploti yake imethaminiwa kupita kiasi ana haki ya kupinga daftari la tathmini linapotangazwa. Mpangaji pia ana sauti, kwani mtoto wake husoma chekechea hiyo hiyo.

Basi kila mzazi aende kikaoni na maswali mawili: Wadi hii imetengewa pesa ngapi za chekechea mwaka huu? Na zilizotengwa mwaka jana zilijenga nini?